Volti Tano

Magharibi mwa Kenya simu zilitangulia stima. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, watu wa vijijini, kutoka Cherangani hadi Chwele, walianza kupokea karo, bei ya mahindi na michango ya matanga kwenye simu, huku nyumba zao zikiendelea kuangazwa na koroboi. Sensa ya 2009 ilikuta kwamba chini ya robo ya kaya za Kenya ndizo zilizotumia stima kuwasha taa, na mashambani hali ilikuwa chini zaidi ya hapo. Kila boma likawa na simu moja au mbili, na kila simu ikawa na safari yake ya kwenda kutafuta chaji.

Nimeishi pande zote mbili za tofauti hiyo. Wazazi wangu walipanga nyumba Kitale mjini, na stima ilikuwepo, ingawa mvua kubwa ikinyesha ilipotea. Kukhu, mama yake baba, aliishi ndani ya Chwele huko Bungoma, na nguzo za stima zilipita kando ya barabara kuu bila kugeukia upande wake. Nilipokwenda kumwona nilipanda matatu Kitale, nikapita Kiminini hadi Kamukuywa, kisha nikashika njia ya Kimilili mpaka Chwele. Kwa miaka kadhaa baada ya kumaliza kidato cha nne, njia hiyo ndiyo iliyonipa kazi niliyoipenda kuliko zote: kuunda adapta ya USB inayotumia betri, ili simu na redio ndogo za kukhu na majirani zake zipate chaji palepale nyumbani.

Kifaa chenyewe kilienea kiganjani. Funzo lake ndilo lililokuwa kubwa. Mtu asiye na stima ananunua umeme kila wiki, tena kwa bei inayozidi ya mtu mwingine yeyote nchini, na ananunua bila kipimo. Siku anapoweza kupima ndipo anapoanza kuchagua.

Kuchaji simu sokoni kulikuwa shilingi 20. Mwenye kibanda alikuwa na ubao wenye soketi nyingi, na chaja za kila aina zikining'inia: za Nokia za pini nene, za Nokia za pini nyembamba, za Motorola, za Samsung. Ukiacha simu ilibandikwa kikaratasi chenye namba, nawe ukaondoka na namba hiyohiyo. Wengi walitoa laini kwanza, wakaifunga kwenye pindo la leso, kwa sababu laini ndiyo iliyokuwa na pesa. Kukhu hakukosa kufanya hivyo hata mara moja. Aliuza ndizi na kunde zake, akapita kuchukua simu jioni, na mara nyingine aliikuta imejaa nusu kwa kuwa genereta ilizimwa mapema au simu zilikuwa nyingi kuliko soketi. Shilingi 20 zilikuwa zimekwisha kulipwa. Hakuna aliyelalamika, maana hakuna aliyejua nusu hiyo ni kiasi gani.

Mimi pia nisingejua, lau si fundi mmoja wa Kitale aliyenikubali mezani kwake. Kibanda chake kilikuwa karibu na steji, akitengeneza redio, deki za video na, kadiri miaka ilivyosonga, simu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufungua vifaa vilivyokufa na kupanga vipuri kwenye mikebe. Chuma cha kulehemu sikuruhusiwa kukigusa. Nilipewa mita.

"Anza na hii," aliniambia. "Macho yanaona waya, hayaoni volti."

"Nipime nini, mzee?"

"Kila kitu kilicho mezani. Kisha uandike."

Nikapima na kuandika. Jiwe jipya la redio lilisoma volti 1.6, lililochoka 1.1. Betri ya simu iliyojaa ilisoma 4.1, ingawa mgongoni imeandikwa 3.7. Betri ya gari iliyotulia ilisoma 12.6. Chaja moja iliyoandikwa volti 5 ilisoma karibu 8 ikiwa haijachomekwa kwenye kitu chochote, na hapo nikaelewa kwa nini mzee hakuamini maandishi. Daftari lile lilinipa uwezo ambao shule haikuwa imenipa, ingawa fizikia niliisoma: uwezo wa kukitazama kifaa na kujua kitanipa nini na kwa muda gani.

Siku hizo USB ilikuwa imeanza kuonekana nje ya kompyuta. Ndani ya kebo ya USB ya wakati ule mlikuwa na nyaya nne: mwekundu unaobeba volti 5, mweusi wa kurudisha, na mweupe na wa kijani za kupitisha data. Tundu la kompyuta lilitoa hadi nusu ampea. Mwaka 2009 kampuni kubwa za simu zilikubaliana huko Ulaya kwamba simu zao zitumie tundu la aina moja, na polepole chaja za pini mbalimbali zikaanza kupungua. Kwetu sisi maana yake ilikuwa wazi. Ukiweza kutoa volti 5 zilizotulia, karibu kila kifaa kidogo kitazipokea. Hata Nokia za zamani zilizipokea, kwa kebo fupi yenye USB upande mmoja na pini nyembamba upande wa pili.

Huko Marekani, mhandisi Limor Fried alikuwa amechapisha mwaka 2006 mpango wa kifaa alichokiita MintyBoost: mkebe wa peremende wenye mawe mawili madogo ya AA na chipu ya kupandisha volti hadi 5. Mtu yeyote aliruhusiwa kuuiga. Chipu ya namna hiyo hatukuwa nayo Kitale. Tulichokuwa nacho, ndani ya deki mbovu na redio kaseti zilizojaa vumbi, ni 7805.

7805 ni kipuri cha miguu mitatu. Maandishi yakikuelekea, mguu wa kushoto hupokea volti, wa katikati huenda kwenye hasi, wa kulia hutoa volti 5. Sharti lake ni kwamba kinachoingia kizidi kinachotoka kwa volti 2 hivi. Chini ya 7 kinaanza kulegea. Kwa hiyo mawe manne ya redio, ambayo ni volti 6, hayatoshi. Tulipanga sita yakatoa 9.

Kwa nyumba ya kifaa nilichukua kisanduku cha sabuni cha plastiki, kile chenye mfuniko. Tundu la USB lilitoka kwenye kompyuta iliyokufa. Nilitoboa ubavu wa kisanduku kwa msumari uliopashwa moto, nikalipitisha tundu na kulikaza kwa gundi. Kila upande wa 7805 niliweka kapasita ndogo ili volti zisiyumbe, na mgongoni mwake nikafunga kwa skrubu kipande cha alumini kilichokatwa kwenye mfuniko wa sufuria kuukuu. Kipande hicho ni cha lazima, kwa sababu 7805 huzichoma volti za ziada. Ukiingiza 9 na kutoa 5 kwa ampea 0.4, wati 2 zinafika kwenye simu na wati 1.6 zinageuka joto. Baada ya dakika chache ukigusa ile alumini unaihisi hesabu hiyo vidoleni.

Mzee hakuniruhusu kuchomeka simu mpaka nipime mara mbili, kwanza bila mzigo, kisha balbu ya tochi ikiwaka. Bila mzigo mita ilisoma 5.02. Balbu ilipowaka ikasoma 4.97. Akaitikia kwa kichwa.

"Sasa mpelekee nyanya yako," akasema.

Kukhu aliitazama simu yake ikionyesha ile alama ya betri inayojaa na kuanza upya, kisha akayatazama mawe sita.

"Haya mawe yatajaza simu mara ngapi?"

"Hilo bado sijalipima, kukhu."

"Basi lipime. Mawe yananunuliwa."

Swali lake ndilo lililogeuza kazi yangu kutoka ufundi kuwa hesabu. Tulihesabu kila chaji kwa alama ya mkaa ukutani. Seti ya mawe sita haikufikisha chaji nne. Sababu zilikuwa mbili. Mawe ya kawaida ya redio yameundwa kutoa umeme kidogo kwa muda mrefu. Ukiyadai karibu nusu ampea yanachoka upesi. Pili, 7805 iliyaacha yalipofika volti 1.2 kila moja, yakiwa bado na uhai. Kukhu mwenyewe ndiye aliyepata matumizi ya uhai huo: mawe yaliyokataa kuchaji simu yalihamia kwenye redio yake, ambayo iliendelea kusema nayo kwa majuma. Hata hivyo kila chaji ilitoka ghali kuliko shilingi 20 za sokoni, na mbele ya alama za mkaa hapakuwa na la kubishana.

Hapo nikataka kujua na shilingi 20 zenyewe zinanunua nini. Betri ya Nokia ya wakati huo ilibeba mAh 1,000 hivi kwa volti 3.7. Kuijaza kunahitaji takriban wati 5 kwa muda wa saa moja, pamoja na kinachopotea njiani. Yuniti moja ya stima ni wati 1,000 kwa saa moja, yaani chaji 200. Chaji 200 kwa shilingi 20 ni shilingi 4,000. Yuniti hiyohiyo, kwa mtu wa Kitale mwenye mita ya stima ukutani, haikufika shilingi 30. Nyanya yangu, muuza ndizi, alikuwa akinunua umeme kwa bei inayozidi ya mjini zaidi ya mara mia moja.

Simlaumu mwenye kibanda. Alinunua genereta na mafuta, akakaa juani kutwa nzima akilinda simu za watu. Ninachosema ni kwamba bei kubwa hujificha vizuri ikigawanywa vipande vidogo. Shilingi 20 haishtui. Shilingi 4,000 kwa yuniti inashtua, lakini hakuna aliyewahi kuisema kwa sauti pale sokoni. Ndivyo ilivyo hata kwa mafuta taa yanayopimwa kwa kibuyu kidogo, na sukari ya kijiko: anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi, na uchache wa kila malipo ndio unaomzuia kuona.

Ile adapta ya mawe haikutupwa kwa sababu ya hesabu hiyo. Usiku mmoja mtoto wa jirani alizidiwa na homa, na simu ya baba yake ilikuwa imezima. Mawe yakaiwasha, boda boda akapigiwa, mtoto akafikishwa hospitali. Chaji ya usiku ule ilikuwa ghali kwa wati na rahisi kwa maana. Kupima kunakuonyesha bei; uamuzi wa lini bei hiyo inafaa kulipwa unabaki kwako. Tangu siku hiyo mawe sita yaliwekwa kando kwa dharura, na kwa chaji za kila siku tukatafuta njia nyingine.

Wengine nchini walikuwa wakitafuta pia. Mwaka huohuo wa 2009 wanafunzi wawili wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Pascal Katana na Jeremiah Murimi, walijulikana kwa chaja inayotumia dainamo ya baiskeli, waliyoiuza kwa shilingi 350. Bungoma ni nchi ya baiskeli, na boda boda wengi walikuwa na dainamo tayari kwa ajili ya taa. Dainamo ya kawaida hutoa volti 6 na wati 3, na umeme wake hugeuka-geuka, kwa hiyo unahitaji dayodi nne kuunyoosha kabla ya kuutumia. Niliwaundia vijana kadhaa wa boda boda. Ilifanya kazi vyema barabara ikiwa tambarare. Mlimani, mwendesha baiskeli alihisi miguuni kila wati aliyoitoa.

Kwa kukhu tulipata betri ya UPS. Saiba za Bungoma mjini zilikuwa zikibadilisha betri hizi ndogo zilizozibwa, za volti 12 na ampea 7 kwa saa moja, na baadhi ya zilizotolewa zilikuwa bado nzima. Nilipima nyingi, nikachagua moja. Ukizidisha 12 kwa 7 unapata 84, lakini betri ya risasi haipendi kukamuliwa hadi mwisho. Ukiizoesha hivyo inakufa mapema. Tulijiwekea nusu, yaani 42.

Ningeweka 7805 hapo, wati nyingi zaidi zingeungua kuliko zilizofika, kwa kuwa kushuka kutoka 12 hadi 5 kunachoma zaidi ya nusu. Betri hiyo ingejaza simu tatu. Ndani ya chaja za magari, zile zinazochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, mna chipu ndogo inayofanya kazi kwa njia nyingine: inafunga na kufungua umeme maelfu ya mara kwa sekunde, koili ikiutuliza, na karibu sehemu nne kati ya tano za nguvu zinafika. Nilifungua chaja kama hiyo, nikatoa bodi yake, nikaiweka kwenye kisanduku cha sabuni kilekile. Betri ileile sasa ilijaza simu sita. Sijawahi kuona funzo la fizikia lililo wazi kuliko hilo: umeme uleule, simu maradufu, kwa sababu ya kujua unapotelea wapi.

Karibu kabisa na chanya ya betri niliweka fyuzi, kama mzee alivyonisisitizia. Betri ndogo ya volti 12 haikurushi, lakini nyaya zake zikigusana zinaweza kuwaka na kuteketeza nyumba ya nyasi. Juani tukaweka sola ya wati 20 na kidhibiti chake, na siku ya jua ilirudisha ile nusu.

Kilichobaki kilikuwa mita, na hiyo niliinunua nikamwachia kukhu. Hakusoma zaidi ya darasa la pili, ila namba alizijua vizuri kuliko wengi, maana alikuwa mfanyabiashara. Nilimwonyesha mahali pa kugusisha ncha nyekundu na nyeusi. Kando ya mlango aliandika kwa chaki namba mbili: 12.7 na 12.1. Ya kwanza, betri imejaa. Ya pili, kazi imefungwa. Alipima asubuhi kabla jua halijapiga sola, na jioni baada ya simu kutolewa. Jirani aliyefika na simu wakati betri imeshuka hakuambiwa maneno mengi; alionyeshwa mita. Nilimsikia mama mmoja akimwomba, "Kukhu, hata kidogo tu," naye akamsogezea ile mita na kumjibu, "Soma wewe mwenyewe, mwanangu. Tukiinywa leo, kesho haitaamka." Yule mama akasoma, akaketi, wakazungumza mengine.

Kukhu alipanga bei kuwa shilingi 10, na pesa zote akazitia kwenye mkebe wa kununua betri ijayo. Alijua betri ni kitu kinachozeeka, na kwamba mwenye sola asiyeweka akiba ya betri atarudi kwenye koroboi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ukuta wake ndio uliokuwa daftari. Betri ya kwanza ilipochoka, ya pili ilikuwa imekwisha kulipiwa.

Mwaka 2011 simu za kisasa zilifika hata Chwele. Huawei Ideos iliuzwa kwa shilingi 8,000 hivi, vijana wakainunua, na simu iliyokuwa ikichajiwa mara mbili kwa wiki ikawa inachajiwa kila siku. Baadhi ya simu hizo zilichaji polepole sana kwenye adapta yangu, ingawa volti zilikuwa sawa. Sababu ni zile nyaya mbili za data. Simu huziuliza kwanza: nimechomekwa kwenye kompyuta au kwenye chaja? Isipopata jibu inajizuia. Kwa simu nyingi, kuunganisha mweupe na wa kijani ndani ya kisanduku ndilo jibu linalosema "hapa ni chaja, kunywa unavyotaka."

Baadaye nilihamia kwenye betri za lithiamu, zile seli za mviringo za 18650 zinazotolewa kwenye betri za laptopu zilizochoka. Jina lake ni vipimo vyake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Nyingi hupatikana zikiwa nzima, kwa sababu betri ya laptopu hufa seli moja au mbili zikishindwa. Nazungumza juu yake kwa tahadhari, maana hapa ufundi wa kubahatisha unaunguza watu. Seli iliyojaa ni volti 4.2 na haipaswi kuzidi hapo. Iliyoshuka chini ya volti 2 isifufuliwe, ipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki. Isitobolewe, isitupwe motoni, isilehemiwe moja kwa moja kwa joto la muda mrefu, na isitumike bila bodi ndogo ya ulinzi inayokata umeme ukizidi au ukipungua. Asiye na mita asiiguse.

Seli hizo zilinifunza pia kuzisoma pawabenki zinazouzwa barabarani. Seli moja ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hivi, na iliyo bora kabisa haizidi mAh 3,600 au karibu na hapo. Kifaa kinachodai mAh 20,000 kinahitaji seli kama hizo sita, yaani zaidi ya gramu 250 kabla hujahesabu ganda. Ukikishika na ukakiona chepesi kuliko nusu kilo ya sukari iliyogawanywa mara mbili, maandishi yake hayasemi kweli. Na hata kile kinachosema kweli, mAh zake zimehesabiwa kwa volti 3.7 za ndani. Zikipandishwa hadi 5 zinapungua. Pawabenki halali ya mAh 10,000 itakupa 6,000 na kitu kwenye tundu la USB. Hujaibiwa hapo, hivyo ndivyo hesabu ilivyo. Kutofautisha hasara ya asili na udanganyifu ni jambo analoweza mtu aliyewahi kupima kwa mkono wake.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mwaka 2012 M-KOPA ilianza kuuza sola ndogo zenye taa na za kuchaji simu kwa malipo ya kila siku kupitia M-Pesa. Mwaka 2014 kiwanda cha mawe cha Eveready kule Nakuru kilifunga milango. Mwaka 2015 ada ya kuunganishiwa stima ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 chini ya mradi wa kufikisha stima vijijini, na nguzo zikageukia hata upande wa kukhu. Sensa ya 2019 ilikuta nusu ya kaya za Kenya zikitumia stima kwa taa, na karibu moja kati ya tano zikitumia sola. Nafurahia kila nguzo iliyosimamishwa. Lakini naona tabia ya zamani ikituandama katika hali mpya. Watu wananunua sola kwa ukubwa wa kioo, betri kwa rangi ya kibandiko, tokeni za stima bila kujua ni kifaa gani kinachozila. Umeme umefika, kipimo bado.

Ndiyo maana nikiulizwa ni jambo gani moja lingeisaidia nchi yetu zaidi katika umeme wa nyumbani, nataja mita ya bei nafuu na mtu wa kukuonyesha namna ya kuishika. Kitale kuna chuo cha ufundi cha kitaifa, Bungoma kuna chuo cha Sang'alo, na tangu 2023 wanafunzi wa gredi ya saba husoma somo la awali la ufundi. Somo hilo lianze na daftari kama lile la mzee: kila mtoto apime jiwe jipya na lililochoka, betri ya simu, chaja ya nyumbani kwao, aandike, kisha apeleke namba hizo kwa wazazi. Somo la pili liwe bei ya yuniti, kwa kila njia ambayo nyumba yao inanunulia umeme, ukianza na mafuta taa mpaka tokeni. Mtoto anayeweza kumwonyesha mama yake kwamba shilingi 20 za sokoni ni shilingi 4,000 kwa yuniti amemsaidia kuliko yule anayejua kuchora saketi ubaoni tu.

Mafundi wa jua kali nao wana sehemu yao. Mzee wangu angeweza kunificha ujuzi ili nibaki mteja wake au kibarua wake. Alichagua kunipa mita kabla ya chuma cha kulehemu, na kutoka mkononi mwangu ilifika kwa mwanamke wa darasa la pili aliyeitumia kuendesha umeme wa majirani zake bila deni. Kila fundi anayemfungulia mteja kifaa chake mbele ya macho yake, akampimia na kumweleza namba, anafanya kazi ileile. Tuwadai mafundi wetu hivyo, nasi tusione haya kuuliza: hiki kinaingiza volti ngapi, kinatoa ngapi, na zilizobaki zinakwenda wapi?